Bima ya Kwenda Liège

Eulalie hakumwomba shemeji yake amsindikize. Apollinaire alijileta mwenyewe asubuhi, akisema mjane hawezi kutia sahihi mambo ya Ulaya bila mtu wa ukoo wa mume. Wakashuka kutoka mtaa wa Cimpunda mpaka Nyawera, katikati ya mji wa Bukavu. Tangu kumzika mume wa Eulalie, hawakuwa na la kuambiana zaidi ya salamu.

Déborah, binti yake aliyeolewa Liège, Ubelgiji, ndiye aliyemwalika akapumzike kwake na kuwaona wajukuu. Ili apate visa, alitakiwa kwanza awe na bima ya matibabu. Ndiyo sababu walikuwa wamekaa mbele ya Martine, wakala wa bima.

"Maman, uko na ugonjwa yoyote?" Martine aliuliza.

"Hana," Apollinaire akajibu.

"Niko na sukari," alisema Eulalie. "Nakunywa dawa kila siku."

"Mama Déborah, nyamaza! Ukisema sukari watakunyima."

"Hapana, papa," Martine alisema. "Bei itapanda kidogo tu. Lakini akificha, na sukari imuangushe kule, kampuni inaweza kukataa kulipa. Hospitali itamufwata mutoto yake."

"Nani atajua?"

"Munganga wa kule atamupima damu. Atajua."

"Andika sukari," Eulalie akasema.

Martine akaandika. "Na utakaa kule wakati gani?"

"Miezi tatu," Apollinaire akamtangulia tena.

"Juma tatu," alisema Eulalie. Ndivyo alivyopatana na Déborah.

"Andika miezi tatu, mademoiselle. Anaenda kupumzika, iko na haraka gani?"

Eulalie akamgeukia. Mtu huyu hakumletea hata sabuni alipolazwa mwaka jana. Leo anamtakia mapumziko ya miezi mitatu!

"Papa Gentil, ndoa ya mutoto yako iko lini?"

Apollinaire akaanza kuzisoma karatasi za mezani.

"Nakuuliza."

"Mwezi wa nane. Ndoa inaingia wapi humu?"

"Mimi nasafiri mwezi wa saba. Gentil ataingiza muke yake mu nyumba gani?"

Martine akainamia kompyuta yake.

"Nyumba ya kaka yangu," Apollinaire alisema, sasa bila kujificha. "Unataka ikae bure? Ulizaa mabinti tu, na wote wameolewa. Ile parcelle, kiwanja na nyumba yake, iko ya familia. Kaa kule kwa mutoto yako. Hapa nani anakuhitaji?"

"Mucanga ya ile nyumba niliibeba na mugongo yangu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Usinipandishie sauti mbele ya watu!"

"Kama unaogopa watu, toka inje."

Apollinaire aliinuka kwa nguvu hata kiti kikaanguka. "Ukifia kule, usitegemee sisi tukuje kukupokea!" Akatoka, akaubamiza mlango.

Martine alikiinua kiti, akarudi mahali pake. "Pole, maman. Lakini lazima nikuulize. Kama kunatokea mabaya, hapa Bukavu tuite nani?"

Eulalie akakaza kitenge chake.

"Micheline. Anauza makala ya kupikia mbele ya kwangu."

"Ni ndugu?"

"Ni jirani. Andika."

Mwezi wa saba akasafiri. Micheline alihamia nyumbani mwake na binti zake wawili. Siku ya kwanza Apollinaire alikuja na Gentil, wakabisha kwa adabu; Micheline akakataa kufungua. Waliporudi walikuja na nondo ya kuvunjia kufuli, lakini Micheline akapiga kelele mpaka watu wakatoka nyumba zote za jirani, wakawazingira wale wawili wakiwauliza wanatafuta nini. Gentil aliona haya, akawa wa kwanza kuondoka.

Eulalie alirudi baada ya majuma matatu, mzima, na dawa zake za sukari mkobani. Aliukuta mlango umechubuka karibu na kufuli. Jumapili, Apollinaire alikaa kwenye benchi la nyuma yake kanisani. Padri alipowaambia watakiane amani, Eulalie aligeuka, akampa mkono mwanamke aliyekuwa karibu, akampa na mtoto aliyekuwa naye. Apollinaire alikuwa ameikunja mikono kifuani. Eulalie akaitazama, akageukia altare.