Mlango wa Kuchora

Kila upepo wa ziwani ulipogeuka, moshi wa jiko la uji uliingia darasani, na watoto wa darasa la awali wakakohoa huku wakiitikia. Zamani lilikuwa ghala la dagaa, hapo mtaa wa Kitaji, na siku za joto kuta bado zilinuka. Mlango mmoja mbele, karibu na jiko. Dirisha moja, nondo zimechomelewa.

"Hiki ni nini?" Madam Gati aliuliza, fimbo ikigusa ukuta wa pembeni.

"Mtungi wa kuzimia moto."

"Na hii?"

"Mpira wa maji."

"Hii?"

"Ngazi."

Vyote vilikuwa rangi tupu. Mkaguzi wa usalama alikuwa anakuja, na Nicolaus, mwenye shule, ambaye wote walimwita Mkurugenzi, hakutaka kununua vifaa. Akamleta Pazi, fundi anayeandikaga majina kwenye mitumbwi kule Mwigobero. Pazi alichora vifaa vyote, akamalizia ukuta wa nyuma kwa mlango wa dharura: wa kijani, kitasa kinang'aa, hata mwanga mwembamba unapita chini yake. Hata mtu mzima angeweza kukinyooshea mkono kitasa kile.

Juma lililopita cheche ilishika pazia la mlangoni. Mary mpishi aliuzima moto kwa sufuria nzima ya uji. Watoto walilia, lakini waliulilia uji. Gati hakucheka. Jioni ile alikwenda ofisini.

"Mkurugenzi, ule mlango wa nyuma tungeutoboa kweli. Moto ukianzia jikoni, watoto hawana pa kutokea."

"Nyuma ya ukuta kuna nini, madam?"

"Duka la simenti."

"La nani?"

"La kwako. Amepanga Mussa."

"Kwa hiyo nimtoe mpangaji wangu, watoto wapate njia." Alijimiminia chai. "Awali wanajifunza kwa picha. Si ndivyo mlifundishwaga huko kwenye masomo yenu ya jioni?"

"Tulifundishwa, lakini..."

"Marieta hajambo? Anaipenda shule?"

Marieta alikuwa binti wa Gati, wa miaka mitano, katika darasa lile lile. Watoto wa walimu walisoma bure, Mkurugenzi akipenda. Na mshahara wa Gati usingelipa ada ya shule nyingine yoyote mjini.

"Anaipenda," alisema.

"Haya. Waambie wajibu kwa sauti."

Akawafundisha kujibu kwa sauti.

Mkaguzi alikuja akiwa na uso wa upole, Mkurugenzi nyuma yake. Alinyoosha kidole na watoto wakataja: shoka, kofia ngumu, king'ora, ndoo ya mchanga. Hawakukosea hata kimoja. Kisha, jambo ambalo halikuwa kwenye mazoezi, akapiga makofi.

"Moto huo, moto. Kimbieni."

Darasa zima liliinuka, likaupa mgongo mlango uliokuwa wazi, likakimbilia ukuta wa nyuma. Wa mbele walifika wakasukuma. Fred, mdogo kuliko wote, alikikwaruza kitasa kwa kucha akitafuta pa kushika. Walio nyuma waliwabana wa mbele na kusubiri wafunguliwe. Marieta alikuwa katikati yao. Gati aliona utepe wa nywele zake tu.

Mkaguzi hakutabasamu tena. Alimgeukia Mkurugenzi. Gati alishika meza. Sasa atasema, aliwaza. Huyu atasema.

"Unaona walivyoshika somo," Mkurugenzi alisema. "Hata mlango wanaujua."

"Wameshika, kweli." Mkaguzi alikohoa kidogo. "Na mlango wenyewe mtautoboa lini?"

"Uko kwenye mpango, kaka. Twende mezani, sato anapoa."

Wakaenda.

Gati aliwatoa watoto ukutani mmoja mmoja. Paji la uso la Fred lilikuwa na alama ya kijani.

"Nisikilizeni. Ile ni picha. Haifunguki. Tukiona moto..."

"Madam Gati." Mkurugenzi alikuwa amerudi kuchukua simu yake. "Usinichanganyie watoto. Huyu bwana atarudi muhula ujao. Au unataka nitafute mwalimu mwingine, na wewe umtafutie mwanao shule?"

Gati aliwarudisha watoto kwenye nafasi zao. Wakakaa, wakimtazama.

Jioni, kwenye chumba chao cha kupanga, alimwogesha Marieta kwenye beseni.

"Ukiona moto shuleni, usiende nyuma na wenzako. Pita pale tunapoingilia, hata kukiwa na moshi. Vua sweta, jifunike uso, kimbia. Umesikia, mama?"

"Nimesikia." Mtoto alichezea povu. "Na Fred nimwambie? Huwa nakaaga naye."

Fred angemwambia Mary wa jikoni. Mary angelisimulia akicheka, na lingemfikia Mkurugenzi. Gati alichota maji, akayashikilia kwenye kopo.

"Usimwambie mtu."

"Hata Fred?"

Alimmwagia maji kichwani, taratibu, mpaka mtoto akafumba macho na mdomo.

Asubuhi Mkurugenzi alipita na kikombe chake, akaegemea mlangoni kusikiliza.

"Mlango wa dharura uko wapi?" Gati aliuliza.

Vidole vyote vilielekea ukuta wa nyuma. Cha Marieta pia, ila macho yake yalikuwa kwa mama yake, na mkono wa pili ulikuwa tayari unafungua vifungo vya sweta. Kando yake Fred alisimama kwa ncha za vidole vya miguu, mkono ameunyoosha kuliko wote, aonekane kwamba yeye ndiye anayeujua zaidi.