Moja ya Bi Swabaha

Furaha ya Dama Kalama asubuhi ile haikuwa na adabu. Alimwamkia askari wa mlangoni mara mbili, akamwamkia Bwana Morgan, mwenye ofisi, kabla hajaketi. Mwaka ulikuwa 1996, na programu yake ya kuandikisha makontena ya wateja, kazi ya miezi miwili, ilikuwa inamalizia majaribio. Katika kisanduku cha namba alikuwa ameweka bawabu: kila kitufe kikibonyezwa, programu inakikagua kwanza. Kikiwa tarakimu, karibu ndani. Kikiwa kingine chochote, kompyuta inalia "pii!" na kitufe kinafukuzwa. Dama alimpenda bawabu huyo kama mtoto wa kwanza.

Wasichana wapya wawili, waliosomea kompyuta, walifaulu kuitumia jana. Leo ilikuwa zamu ya Bi Swabaha wa Kibokoni, mpiga taipu kwa miaka ishirini na sita, ambaye ndiye aliyemfundisha Dama kupiga bila kutazama vidole. Bwana Morgan hakumung'unya maneno: taipureta zinauzwa, na asiyeiweza kompyuta kufikia saa sita mchana ataandikiwa barua ya kuachishwa kazi.

Bi Swabaha akakunja mikono ya buibui, akasema Bismillahi. Vidole vikakimbia.

Pii! Pii! Pii-pii!

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Namba ya kwanza kati ya ishirini za jaribio ilikuwa 10118. Kisandukuni mlikuwa na 8 peke yake, imesimama kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Mashine hii yanitakia nini?" alisema Bi Swabaha. "Nimepiga namba nzima, yenyewe yaweka kijipande!"

Akarudia. Pii. Sasa hakucheka mtu. Bwana Morgan akatazama saa. Ilikuwa saa sita kasorobo.

"Ni umri tu, Dama," alisema. "Programu yako haina kasoro."

Sifa hiyo ilimchoma Dama mpaka masikio yakawaka. Muda wote alikuwa ameikodolea macho skrini, na skrini haikuonyesha kilichofukuzwa. Akaiacha, akatazama mikono ya Bi Swabaha.

"Hebu rudia, mwalimu. Polepole."

Kidole cha kulia kikashuka, taratibu na kwa uhakika, juu ya herufi l. Kisha kikapanda kwenye O.

"Hiyo ni eli, Bi Swabaha!"

"Ni moja," alisema mama yule, akimshangaa. "Taipureta yangu haina kitufe cha moja, wala cha sufuri. Kwenye karatasi ni sura ile ile. Tangu mwaka wa sabini napiga hivi, na sijarudishiwa hata barua moja."

Dama alicheka mpaka akashika meza. Bwana Morgan hakucheka. Alikuwa ameshatoa kalamu.

"Basi hakujifunza," alisema.

"Asiyejifunza ni mimi!" Dama alijisikia akisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Kosa ni langu, Bwana. Bawabu wangu ni mjinga. Nipe dakika tano."

Akaingia kwenye programu. Kabla ya ukaguzi akaongeza mistari miwili: ikija eli, ipokee kama moja, ikija O, ipokee kama sufuri.

Bi Swabaha akaketi tena. Akaanza kwa kunyatia, akisubiri kuzomewa. Kimya. Akaongeza kasi. Kimya. Basi hapo akaachia! Namba zote ishirini ziliingia moja baada ya nyingine, na wasichana wale wawili wakaacha kazi zao wakabaki midomo wazi. Alimaliza zikiwa zimesalia dakika mbili kufika saa sita.

Bwana Morgan alilinganisha kila namba na karatasi yake, mara mbili, asipate kosa. Akarudisha kalamu mfukoni.

"Jumatatu saa mbili, Bi Swabaha. Kama kawaida."

Bi Swabaha akamkumbatia Dama, akacheka, akalia, akacheka tena.

"Mwanangu," alinong'ona, "leo asubuhi nimewaaga watoto nyumbani, nikawambia nastaafu kwa hiari yangu. Sasa nitarudi kwa uso gani?"