Kumwachisha Kazi Mtani

Mara ya kwanza Warda alipomwambia Mashavu kwamba kazi yake imekwisha, Mashavu alicheka mpaka akashika rafu ya vitabu vya kilimo asianguke.

"Unifukuze wewe?" alisema, machozi yakimlengalenga. "Wewe uliyekuwa ukikojoa kitandani kwetu Maparoni, tukaanika godoro mpaka kunguru wakahama kijiji? Nifukuze. Lakini kwanza nirudishie godoro langu."

Wasomaji waliokuwa mezani wakaangua kicheko. Warda, bila kutaka, akajikuta anajibu: "Godoro gani? Nyie watu wa delta si mnalala juu ya magome ya mikoko, na mamba ndiye mto?"

Hapo neno likafa. Mashavu akajifuta macho kwa pindo la khanga, akatoka kwenda kununua maandazi katikati ya saa za kazi, kama alivyozoea.

Hiyo ndiyo ilikuwa taabu ya Warda. Mashavu alikuwa binti wa mjomba wake, na kwao mabinamu ni watani. Mtani atakutukana mbele za watu, atakula chakula chako, atakuvua mtandio sokoni, nawe ukikasirika, mwenye aibu ni wewe. Siku alipozikwa baba yake Warda kule Mchukwi, Mashavu alivaa koti la marehemu, akashika bakora yake, akapita katikati ya wafiwa akikohoa kama yeye na kudai chai ya rangi. Warda, ambaye tangu alfajiri alikuwa amekauka kama gogo, alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka kifua kikamfunguka. Ndiyo kazi ya mtani. Ila utani nao una sharti: neno zito halipiti baina ya watani. Likiwapo, hupelekwa na mtu mwingine.

Na Warda hakuwa na ruhusa ya kumtuma mtu mwingine.

Yeye alikuwa kaimu mkuu wa maktaba ya jamii pale Kibiti, nyumba ya vyumba viwili kando ya barabara kuu. Nyumba hiyo ilitolewa na baba yake Shabir, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mzee alipofariki Shabir akawa mwenyekiti wa bodi. Mwaka huu wafadhili walipunguza msaada. Bodi ikakaa, ikaamua mtumishi abaki mmoja, na huyo ndiye awe mkuu kamili. Kisha ikamleta mkufunzi kutoka Dar es Salaam, Bwana Yassin, aendeshe mafunzo ya wiki moja ya uongozi wa maktaba na vituo vya taarifa. Wakaja walimu wa maktaba za shule na vijana wa redio ya jamii, wakakaa kwenye viti vya plastiki, wakafundishwa kupanga mipango, kugawa majukumu, na kupunguza vitabu visivyosomwa ili vinavyosomwa vipate kupumua.

Jumatatu, siku ya kwanza ya mafunzo, Bwana Yassin alimwita Warda pembeni, nyuma ya rafu ya magazeti.

"Kuna somo moja ni lako peke yako," alisema. Alikuwa na sauti laini, sauti ya mtu asiyepata kupiga kelele maishani. "Mwenzako anaondoka. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, uso kwa uso. Anayemtuma mtu si kiongozi, ni mtunza funguo. Nikiondoka Ijumaa na yeye bado yupo, nitamshauri mwenyekiti alete mtu mwingine kutoka mjini. Nyie wawili mtarudi shamba pamoja, mkacheke vizuri huko."

Warda alilijua shamba. Alilijua dungu, ile nyumba ya juu ya miti katikati ya mpunga, na mbu wake, na kupiga debe kutwa nzima kuamia ndege mpaka masikio yanavuma usingizini. Aliyemtoa huko ni Mashavu. Alikuja siku moja, akamwambia shangazi yake, mama yake Warda, "Nipe huyu mjinga wako akafagie maktaba, hata ndege hawamwogopi." Akafagia. Kisha Mashavu akamfundisha kupanga vitabu, kuandika kadi, kumnyamazisha msomaji kwa jicho. Bodi ilipotafuta kaimu ikamchukua Warda kwa kuwa alikuwa mtulivu, na Mashavu akapiga vigelegele kuliko wote.

Lakini usidhani Mashavu alikuwa mtumishi mzuri. Aliazimisha vitabu bila kadi kwa kila aliyemwita dada. Masanduku ya vitabu aliyoyapeleka visiwani kwa boti kutoka Nyamisati yalirudi mepesi kuliko yalivyokwenda, na vilivyorudi vilinuka uduvi. Alichelewa, akasingizia maji kujaa, hata siku ambazo hakupanda boti. Anayepima kwa haki angesema aondoke yeye. Ila neno la haki nalo lina mlango wake wa kuingilia.

Jumatano Warda alijaribu tena, sasa kwa njia aliyofundishwa: anza na sifa, weka kasoro katikati, malizia na sifa. Alimkuta Mashavu barazani, amekaa karibu na fundi baiskeli, anachambua mchicha wa nyumbani kwake.

"Mashavu, tunathamini sana ucheshi wako kwa wasomaji."

"Hee! Kwani nimekufa? Sifa hizi si husomwa kaburini?"

"Lakini utunzaji wa vitabu…"

"Binti shangazi, kama unataka kunioa, sema. Lete mahari, usinizungushe kama mbuzi wa maulidi."

Fundi baiskeli aliacha kujaza upepo, akacheka mpaka pampu ikaanguka. Warda alisimama pale na ile sifa ya mwisho mdomoni, hana pa kuitua.

Alasiri alimpigia simu mama yake.

"Mtume mtu," mama alisema. "Mtume hata huyo Shabir. Mtani wako hawezi kulisikia hilo kinywani mwako. Ukimlazimisha kulisikia, utakuwa umeua kitu, na hicho hakina mazishi."

"Wamenikataza, mama."

"Basi rudi nyumbani. Mpunga unakaribia kuiva, ndege ni wengi."

Warda akakata simu.

Alhamisi ilikuwa siku ya maigizo. Shabir alialikwa, akapewa kiti cha mbele chenye mto. Bwana Yassin akaeleza: mmoja atakuwa meneja, mwingine mtumishi anayeachishwa kazi, na wengine watatazama na kujifunza.

"Meneja atakuwa Warda," alisema. "Nani atakuwa mtumishi?"

Watu wakatazama miguu yao. Warda naye alitazama yake, na hapo wazo likamjia, baridi kama maji ya mtungi.

"Mashavu," alisema. "Ana kipaji."

Bwana Yassin akamkazia macho kidogo, kisha akatabasamu, tabasamu la mwalimu aliyeona mwanafunzi amelipita somo la ubaoni.

Mashavu hakuhitaji kubembelezwa. Alijifunga khanga kiunoni, akaingia akichechemea, akaketi mbele ya meza na kuitetemesha midomo. Kabla hajasema neno, chumba kizima kilikuwa kinacheka.

"Mashavu," alisema Warda, "bodi imeamua mtumishi abaki mmoja. Kuanzia kesho huna kazi hapa."

"Kwa kosa gani, mheshimiwa? Na mimi nina watoto saba, na wote wanakula kama wewe!"

"Vitabu unavyopeleka Maparoni havirudi."

"Vitarudije, na vimeolewa? Kile cha ufugaji wa nyuki kina mimba!"

Mwalimu mmoja alilalia meza. Shabir alivua miwani, akajifuta macho. Warda hakucheka. Watu wakadhani anaigiza vizuri.

"Rudisha funguo," alisema.

Mashavu akainuka, akafungua fundo la khanga, akazitupa funguo sakafuni mbele ya miguu ya Warda. "Chukua! Chukueni maktaba yenu na popo wake! Mimi nimeiacha kazi hii. Talaka moja! Talaka mbili! Talaka tatu! Na isinifuate kwetu kudai matunzo ya eda!"

Makofi yakalipuka. Mashavu akawageukia watazamaji, akainama huku na huku kama bibi harusi anayetunzwa.

Nyuma yake Warda aliinama, akaokota funguo.

"Talaka haina mzaha, Mashavu," alisema polepole. "Hata ukiitoa unacheka, imetoka."

"Imetoka!" Mashavu alipiga kelele bila kugeuka. "Na mashahidi ndio hawa!"

"Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia, nimesikia," alisema Shabir, bado mbavu zinamuuma.

"Umesikia kwamba ameacha kazi mwenyewe."

Kicheko cha Shabir kikapungua. Alivaa miwani, akamtazama Warda, kisha akamtazama Bwana Yassin. Yassin akaitikia kwa kichwa.

"Nimesikia," alisema Shabir, sasa kwa sauti nyingine.

Mashavu alikuwa amempa mgongo, anapokea makofi, hakuona kitu. Yassin akamsogelea Warda sikioni. "Na aliyeacha mwenyewe hadai kiinua mgongo," alinong'ona. "Mimi nisingeliwaza hilo."

Ijumaa Warda aliwahi. Alikibeba kiti cha Mashavu akakitia stoo. Kikombe chake, ndala zake za kutawadhia na khanga yake ya kuswalia akavifunga kwenye mfuko wa nailoni, akauweka juu ya meza. Washiriki walipofika wakauona ule mfuko, wakageukia daftari zao. Shabir alikuja kufunga mafunzo, akatoa simu yake, akaanza kusoma.

Mashavu aliingia amebeba sahani ya vitumbua iliyofunikwa kawa.

"Yuko wapi mtalaka wangu?" alisema mlangoni. "Nimekuja turejeane, nimeshindwa kulala peke yangu!"

Hakuna aliyecheka.

"Mashavu," alisema Warda, "kazi yako ilikwisha jana. Uliiacha mbele ya mwenyekiti. Vitu vyako ni hivi."

Mashavu akautazama mfuko, akacheka. "Na kikombe umekiosha? Maana ulivyo mlafi, huachi hata mashapo ya chai."

Akangoja. Utani ni kama kutwanga wawili kinu kimoja: mchi wako ukishuka, wa mwenzio unapanda, na mkono huujua mwendo wenyewe. Mashavu alikuwa ameshusha wake. Alisimama na sahani mkononi, uso umeachwa wazi kungoja pigo.

Warda aliusogeza mfuko mbele.

"Jibu basi, mguu wa kwale," alisema Mashavu, sauti imepungua.

Jibu lilikuwapo. Warda alilihisi juu ya ulimi, zuri, lenye mamba na godoro ndani yake, na angelitoa chumba kizima kingecheka na mambo yote yangerudi mwanzo. Alilimeza.

"Tunakushukuru kwa mchango wako," alisema.

Kicheko hakikuuacha uso wa Mashavu mara moja. Kiliondoka machoni kwanza, kikabaki mdomoni kwa muda, hakina mwenyewe. Alimtazama Shabir, Shabir akaendelea kusoma simu. Akawatazama wale waliompigia makofi jana, mmoja mmoja. Kisha akaitua sahani mezani, taratibu, kama mtu anayepeleka chakula kwa wageni asiowajua. Akaifungua khanga kiunoni, akajitanda mabegani. Yeye aliyembeba Warda mgongoni akiwa mchanga, akapiga goti kidogo na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba," alijibu Warda.

Mdomo ulijibu wenyewe, kwa mazoea, kabla hajajua amesema nini. Alipojua, Mashavu alikuwa ameshauchukua mfuko wake na kufika barazani. Fundi baiskeli alimwona, akaweka pampu chini na kuanza kucheka mapema, anangoja mzaha wa asubuhi.

"Habari za kazi, kaka," alisema Mashavu, akapita.

Ndani Bwana Yassin alikuwa ameisogelea meza. "Umeona?" alimwambia Warda. "Sauti haikutetemeka hata kidogo." Akafunua kawa, akachukua kitumbua, akakiuma nusu, akatafuna huku akiitikia kwa kichwa.

"Bado vya moto," alisema, akamsogezea sahani. "Chukua, Mkuu."