Bima Yangu Ilibaki Kisumu

Mwaka 1971 nilitoka kwa baba yangu nikaanzisha dala langu, yaani boma langu mwenyewe, karibu na Pap Onditi. Kwa desturi yetu, nyumba ya kwanza ya dala jipya hujengwa kwa siku moja, mke huwasha moto ndani yake, na mume na mke hulala humo mpaka siku za mila zipite. Wakilala kwingine kabla ya hapo, dala limeharibika. Baba yangu, Mzee Obiero, alinikumbusha jambo hilo asubuhi na jioni, kana kwamba mtu wa ofisi kama mimi hakuwa na masikio.

Jumapili, siku ya pili tu, mke wangu Aoko alishikwa na maumivu ya tumbo upande wa kulia. Alijikunja karibu na mafiga, jasho likimtoka. Jirani alituazima pikapu yake, na mimi na Baba tukampeleka hospitali ya misheni iliyokuwa karibu. Sikuwa na hofu. Mshahara wangu ulikatwa kila mwezi kwa ajili ya bima ya hospitali, na kijitabu cha bima hiyo nilikuwa nimekisoma chote, nikawafafanulia hata wenzangu wa shule ya usiku.

Daktari alisema ni kidole tumbo, apasuliwe siku hiyo hiyo. Akanielekeza kwa karani, kijana mmoja wa Bungoma aitwaye Waliaula.

"Kadi ya bima, Bwana."

"Iko Kisumu kwa mwajiri. Yeye ndiye anayebandika stempu."

"Basi lete amana."

"Pesa zote zimeishia kwa ujenzi. Piga simu kazini kwangu."

"Leo Jumapili. Nani atashika simu, paka?"

Watu kwenye benchi walicheka. Nilinyoosha tai yangu.

"Kijana, hii ni bima ya taifa. Hakuna mahali imeandikwa kwamba nikivuka daraja la Ahero nimekuwa mgeni."

"Bwana, kama bima imebaki Kisumu, mgonjwa naye angebaki huko na bima yake."

Baba akasogea mbele. "Nitaleta ng'ombe. Mshike awe rehani mpaka kesho."

"Mzee, ng'ombe nitamlaza wadi gani?"

Nilianza kumweleza Waliaula sheria tangu mwanzo, hatua kwa hatua. Aoko akaniita kutoka pale benchi alipolala.

"Zadock! Ukimaliza kumfundisha huyo, utanikuta nimekufa."

Niliiacha sheria. Nikamwinua.

"Unampeleka wapi?" Baba aliuliza.

"Kisumu."

"Wuoda, mwanangu, mkilala huko, hamna dala tena."

"Nisipompeleka, Baba, nitalala na nani katika hilo dala?"

Baba hakupanda gari.

Kisumu, katika hospitali ya serikali, walimpokea Aoko mlangoni na kumkimbiza chumba cha upasuaji. Nilibaki koridoni nikipanga maneno ya kueleza kadi yangu ilipo. Hakuna aliyeniuliza. Daktari alipotoka aliniambia tungechelewa kidogo tu, kidole tumbo kingepasukia ndani.

Jumatatu asubuhi Baba alifika kwa basi, tukazungumza langoni mwa hospitali, kisha akarudi nyumbani. Nilikwenda kazini nikamsihi mhasibu anipe kadi. Nikaipeleka wadini, stempu zake zimejipanga vizuri. Nesi aliitazama akacheka.

"Rudisha tu, Bwana. Wadi hii ni ya bure."

Nilitaka kumuuliza kwa nini basi wananikata mshahara. Lakini Aoko alikuwa amefumbua macho.

"Mzee amesemaje?" aliuliza.

"Tubomoe. Tutarudi kwake kama watoto, mpaka siku nyingine atakapokubali tujenge tena."

"Umemwambia ningekufa?"

"Nimemwambia."

"Na?"

"Anasema anafurahi umepona. Halafu anasema tubomoe."

Aoko aligeukia ukuta. Sikumlaumu, wala sikumlaumu Baba. Kila mmoja alikuwa na haki yake.

Mwajiri alinipa ruhusa ya siku moja. Nilirudi Pap Onditi peke yangu, nikavua koti na tai, nikaanza kubomoa kuta ambazo udongo wake ulikuwa haujakauka.