Sarafu ya Kumi na Moja

Boksi lilifika mwezi Aprili, na Tihomir Balać hakulifungua. Alisoma maandishi ya dhahabu juu ya kifuniko, CIGLAR – MIAKA MIA, akalisukuma hadi ukingoni mwa meza kama sahani ya chakula kilichochacha.

"Litoe humu ndani," alimwambia mkewe.

"Nilipeleke wapi?"

"Popote. Hawa watanicheka hadi kaburini."

Rosanda hakubishana. Alikuwa ameishi na mtu aliyenuna karibu miaka hamsini, na alishajua kwamba huyu habembelezwi. Alitua birika la kahawa juu ya lile boksi huku akitafuta vikombe, na birika likaacha duara jeusi ambalo halikutoka hata kwa kusuguliwa.

Kisa chenyewe kila mtu mjini alikijua. Mwaka 1975 Ciglar, timu ya kiwanda cha matofali, ilifika fainali ya kombe la mkoa, ikapata penalti dakika ya mwisho. Aliyepiga alikuwa winga wa kushoto, jezi namba kumi na moja, Tihomir. Mpira ukapaa juu ya mwamba ukaangukia nyuma ya tanuri la kiwanda, lililopakana na uwanja. Wiki ile mtu aliandika kwa chokaa kwenye ukuta wa nyumba yake kwamba ameuza mechi. Hakuuza. Alipaisha tu, kama watu wanavyopaisha. Lakini aliacha mpira, na tangu hapo hakukanyaga uwanjani, ingawa uwanja uko mita mia mbili kutoka dirisha la jikoni kwake. Simu za klabu alizikata kabla mtu hajamaliza kujitambulisha.

Sasa, katika mji ule zawadi ya boksi haifunguliwi. Ukiletewa chokoleti au wiski, unaiweka kabatini, na siku ukialikwa unaibeba. Kuna chupa za wiski pale zimehudhuria harusi nyingi kuliko padri. Na boksi la Ciglar, seti ya sarafu za kumbukumbu, lilikuwa zawadi isiyo na kifani: zito, la heshima, na haliozi. Klabu ilitoa seti mia tatu, na kabla ya Pasaka zote zilikuwa njiani, kutoka nyumba hadi nyumba. Rosanda aliipeleka ya kwao kwa daktari Vesković, aliyempasua Tihomir ngiri.

Katikati ya Mei ikachezwa mechi ya miaka mia. Kipaza sauti kilipoanza kunguruma Tihomir alifunga dirisha. Hata hivyo alisikia uwanja mzima ukinyamaza, ukakaa kimya muda mrefu, kisha bendi ikapiga.

"Wanawakumbuka marehemu," Rosanda alisema.

"Wamekuwa wengi," alijibu Tihomir.

Baada ya siku hiyo aliona watu wamepoa kwake. Muuza mikate alimpa mkate bila neno, na jirani yake Slavoljub, fundi wa makufuli, aliacha kumwita kwa kahawa. Tihomir alidhani ile mechi imewakumbusha madeni ya zamani, akazidi kununa.

Mwezi Oktoba alikuwa kwenye kiti cha kinyozi Ljubinko, povu hadi masikioni, aliposikia mteja mwingine akiuliza ndani ya zile seti kuna nini hasa.

"Kikosi cha sabini na tano," Ljubinko alisema. "Sarafu kumi na moja, kila mchezaji na sura yake."

"Wote kumi na moja?" Tihomir aliuliza.

"Mimi nitajuaje? Langu nilimpelekea mkwe wangu kama lilivyo." Kinyozi alifuta wembe polepole. "Na wewe uliletewa la kwako, Tiho. Wa kuulizwa ni wewe."

Tihomir alirudi nyumbani nusu ya shavu haijanyolewa vizuri. Tangu siku hiyo jambo moja lilimkaa kooni: wamemweka, au nafasi ya kumi na moja wamempa yule aliyekuwa benchi? Alitaka awemo. Alikasirika kugundua kwamba alitaka, tena sana, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwenda klabu kuuliza hakuweza. Afadhali ale matofali.

Basi akalisaka boksi. Kwa daktari alikwenda akisingizia mgongo.

"Lile boksi tulilokuletea, daktari," alisema akivaa shati, "ulilionaje?"

Daktari aliona haya. "Zuri sana. Nililipeleka kwenye harusi ya binti wa mwalimu mkuu."

"Ulilifungua?"

"Ningelifungua, ningelipelekaje?"

Mwalimu mkuu alikuwa amempa daktari wa mifugo kwa kumponya mbwa wake. Daktari wa mifugo alikuna kichwa, akasema mwaka huu amepewa na kugawa maboksi mengi, hakumbuki lipi lilikwenda wapi. Pale njia ikaishia.

Ikafika siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo na sikukuu ya nyumba ya kina Balać. Siku hiyo hakuna anayealikwa, anayekuja anakuja, na mwenye nyumba haketi. Anasimama tangu asubuhi hadi mgeni wa mwisho aondoke, akimimina rakia, pombe kali ya matunda, akisogeza supu ya samaki. Mshumaa ulikuwa umewashwa, wageni wanane mezani, Slavoljub alipoingia akapangusa theluji mabegani. Sikukuu ni sikukuu, hata kwa jirani aliyepoa. Alitoa kitu kizito kilichofungwa kwa karatasi ya maua.

Karatasi ilikuwa imechanika pembeni. Tihomir aliona duara jeusi la birika.

Alirarua karatasi palepale.

"Tiho, una nini?" Rosanda alimnong'oneza. "Ngoja wageni watoke."

"Nimengoja vya kutosha."

Alikata utepe kwa kisu cha samaki. Mezani watu waliacha kutafuna, kwani hakuna aliyewahi kuona ndani. Sarafu zilikuwa zimelala kwenye mahameli, safu mbili. Kipa. Mabeki. Marehemu Vukoman na pua yake. Na mwisho wa safu ya pili, namba kumi na moja, kijana mwenye nywele ndefu, mikono kiunoni, akiutazama mpira. Mpira ulikuwa bado uko chini. Aliyechonga alimsimamisha pale, kabla hajapiga.

Tihomir alifurahi. Alifurahi waziwazi mbele ya watu, na Rosanda alishika mkono wake.

"Kuna karatasi," mgeni mmoja alisema.

Ilikuwa chini ya kifuniko, imekunjwa. Katibu wa klabu aliiweka humo kwa makusudi, akiamini hakuna mtu duniani atakayeletewa sura yake mwenyewe asiifungue. Tihomir hakuwa na miwani, basi Rosanda akasoma.

"Mpendwa Tihomir. Mei kumi na nane, saa kumi na moja jioni, kabla ya mechi, mpira utawekwa kwenye alama ya penalti, upande wa tanuri. Tunataka uupige wewe. Ukienda juu tena, basi uende. Njoo tu. Tutakungoja."

Rosanda aliikunja karatasi. Slavoljub alikuwa amesimama na kofia mkononi.

"Hukuisoma," alisema.

"Hapana."

"Tulikuita kwenye kipaza sauti mara tatu. Kipa amekaa golini, mpira uko pale, watu wote wamesimama. Baadaye refa akauokota." Aligeuza kofia. "Nikasema, huyu mtu roho yake ni jiwe. Nisamehe, jirani."

"Mlingoja muda gani?"

"Dakika saba. Nilikuwa na saa."

Tihomir aliangalia dirisha la jikoni, lile alilolifunga. Kisha akavuta kiti, akaketi, yeye mwenye nyumba, siku ya mtakatifu wake, na hakuna mgeni aliyemwambia ainuke. Rosanda alichukua chupa ya rakia akaanza kumimina.