Unyayo Chini ya Beseni

Usiku wa kuamkia leo nimeota nesi wa zahanati yetu, yule Atupele, anaipima nyumba yangu presha.

Kaufunga mkanda wake kuizunguka nyumba nzima, kutoka dirisha la jikoni mpaka mlangoni, na anaminya mpira. Kuta zinabanwa, mabati yanalia. Mimi nimekaa kwenye kigoda, namtazama.

"Mia na tisini, bibi," anasema. "Nyumba hii haijatembea siku ngapi?"

Namjibu siku nne. Na hilo ni kweli hata nje ya ndoto. Jumatano binti yangu Mwanahawa alitoka kwenda hospitali ya mkoa kupasuliwa uvimbe wa shingoni, na tangu hapo simu yake haipatikani. Kwetu msafiri akitoka, uwanja haufagiliwi, maana ukifagia unafuta nyayo zake, na njia ya kurudi haioni tena. Kawaida ni siku ile moja tu. Mimi nimezidisha. Nyayo zake karibu zote zilichakurwa na kuku, ukabaki mmoja hapo mbele ya mlango, wa mguu wa kushoto, upande wa vidole unatazama getini. Una kidoti cha msumari, kwa sababu mkanda wa kandambili ulikatika na Mwanahawa akautengeneza mwenyewe. Nikaufunika kwa beseni la kufulia, juu nikaweka jiwe. Mama Sefu wa jirani ananiuliza kama siku hizi nafuga takataka.

Juzi huyo Atupele alinipima, akanigombeza kwa kukaa kitako kutwa. Akasema wasiwasi unakaa mwilini, nisipousogeza mwili na wenyewe hausogei. Angalau dakika thelathini kila siku, hata kufagia kunatosha. Sikumwambia habari ya beseni.

Sasa ndotoni dakika thelathini zimekuja. Ni vijimama vifupi, urefu wa ndoo, vimejifunga khanga, vimepanga foleni getini kama siku ya kliniki. Dakika ya mwisho inakohoa. Ya kwanza inaniuliza watatumika saa ngapi, kwa kuwa wametoka mbali, na jana pia walikuja wakarudi hivihivi.

Nawaambia wasubiri, nina mgeni.

Maana Wasiwasi naye yupo. Kanikalia mgongoni, mzito kama gunia la mahindi mabichi, anakula wali wangu kwa mkono na punje zinaniangukia shingoni. Kila nikitaka kuinuka ananiuliza swali lilelile: na kama hakuamka? Anauliza kwa adabu kabisa, kama mtu anayeomba asogezewe chumvi.

Ufagio wa chelewa unatoka wenyewe nyuma ya mlango.

"Bi Chausiku," unaniambia, "mimi kiuno kimeniuma kwa kusimama."

Naona haya. Nainama, naushika. Nafagia mara moja, dakika ya kwanza inaingia kwenye majani makavu na kutoweka, imeridhika. Nafagia tena. Wasiwasi anayumba, ananishika masikio. Mara ya tano sahani inamponyoka.

Hapo uwanja si uwanja tena. Ni korido ya hospitali, ndefu haina mwisho, lakini sakafu ni udongo wangu uleule, na mavi ya kuku juu yake. Wagonjwa wananinyanyulia miguu nipite. Natafuta kitanda cha Mwanahawa, na juu ya kila kitanda pana beseni lililofunikwa. Siyafunui. Nafagia tu. Magoti yanapata moto, jasho linanitiririka, na Wasiwasi anapungua. Sasa ni mdogo kama paka, ila kucha zake zimezama.

Mwisho wa korido ni mlango wangu. Imebaki dakika moja, ile inayokohoa, na beseni moja lenye jiwe.

Jiwe linateremka lenyewe. Beseni linajifunua. Unyayo unasema kwa sauti ya Mwanahawa, lakini ya kukwaruza, kama mtu aliyefungwa bandeji shingoni.

"Mama, siku nne nimeelekezwa getini. Vidole vimekufa ganzi."

"Nikikufagia, mwanangu, utarudi kwa njia gani?"

"Na usiponifagia, kwa presha hiyo, nitarudi kwa nani?"

Namtazama Atupele. Anaangalia saa yake. Dakika ya mwisho inanivuta khanga, inasema samahani bibi, mimi sina muda mrefu.

Nikafumba macho, nikafagia.

Nimeamka kumeshakucha, mgongo umelowa chapachapa. Nikatoka nje. Uwanja mchafu vilevile, majani ya mpera yametapakaa, kuku wanaendelea na kazi yao. Beseni lipo pale nilipoliweka, jiwe juu yake limelowa umande, halijaguswa. Nikajicheka. Nikaliondoa jiwe, nikalifunua beseni.

Kidoti cha msumari kipo. Ni unyayo uleule. Ila vidole vinatazama mlangoni.

Sikumwita Mama Sefu. Niliuchukua ufagio, nikaenda mpaka getini, nikaanza kufagia kuja ndani.