Fuvu Lililoyeyuka

Bomba lilipasuka ghorofa ya juu saa nne asubuhi, na kufikia saa tano maji yalikuwa magotini katika ghala la chini la makumbusho. Mtafiti wa mifupa, mjane ambaye wenzake walimwita Sindano kwa sababu ya kifaa chake cha kuchokolea mawe, alikuta wanaume saba wamelibeba paja la dinosaria kama jeneza.

"Na kabati langu je?" alimwuliza mkurugenzi.

"Mama, watoto wa shule huja kuona paja. Hawaji kuona kifaranga."

Kifaranga! Miaka kumi na moja alikuwa akilichokoa fuvu lile la ndege wa kale, chembe kwa chembe, kutoka kwenye udongo uliogeuka jiwe, na udongo ule ukilowa huyeyuka. Lilikuwa kwenye droo ya chini kabisa. Alikimbilia langoni kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa mlinzi pale.

"Shemeji, nisaidie! Droo imevimba, haifunguki."

"Kwa ajili ya yule kuku wako?"

"Sikiliza. Jiwe lilipoanguka kutoka angani, misitu iliungua, vumbi likaziba jua. Dinosaria wakubwa wakafa njaa. Hata ndege wengi, wale wenye meno, wale wa matawini, wakaisha. Tunadhani waliopona ni wadogo waliokaa chini, wenye midomo migumu, wakawa wanafukua mbegu mpaka jua liliporudi. Huyu aliishi siku zile. Hana jino hata moja. Sina mwingine, shemeji, wala..."

Shemeji alivua viatu, akachukua nondo.

Walipofika kabatini maji yalikuwa kiunoni. Shemeji alizama, akachomeka nondo, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Droo ikapasuka. Ndani hamkuwa na fuvu, mlikuwa na uji wa tope. Sindano aliuchambua kwa vidole huku akilia kwa sauti, bila haya, kama mtu aliyefiwa.

"Tokeni, umeme!" mkurugenzi alipiga kelele kutoka ngazini.

Shemeji alimkumbatia kiunoni akamtoa kwa nguvu. Nje, paja lilikuwa limelazwa kwenye majani, likifutwa kwa taulo. Sindano alifumbua kiganja. Mlikuwa na ncha ya mdomo, ndogo kama ukucha.

"Na vilivyobaki?" shemeji aliuliza.

"Vimekwenda na maji."

Shemeji aliingia kantini, akarudi na machujio mawili ya chai, akachuchumaa pale pampu ya kutoa maji ghalani ilipokuwa ikitapika tope uani. Sindano naye akachuchumaa kando yake.

Walichuja mchana kutwa. Walipata vipande vinne, na fuvu lilikuwa na thelathini na viwili. Pampu ilipozimwa, tope zito bado likiwa limejaa mtaroni, shemeji alimwomba apumzike kidogo, walau anywe maji. Sindano alitikisa kichwa, akateka tena.